Nilivyoipata picha yangu mwenyewe ya kasoko ya Kulthum

Mwishoni mwa Aprili 2015, siku moja kabla ya MESSENGER, chombo cha anga cha NASA kilichokuwa kimekwisha kuishiwa mafuta, kujibamiza juu ya Utaridi, yalitangazwa majina matano mapya ya kasoko, yaani mashimo makubwa ya duara, za sayari hiyo. Moja ni Kulthum, kwa heshima ya Umm Kulthum, mwimbaji wa Misri. Kwa mtu aliyekulia Unguja, kwenye nyumba ya wapenzi wa taarabu, jina hilo halipiti hivi hivi. Nikataka kuiona kasoko yenyewe, tena nimetengeneza picha mimi, si kuokota iliyokwisha kupambwa na wengine.

Inawezekana, na ni bure. MESSENGER ilianza kuizunguka Utaridi Machi 2011, na hadi mwisho wake ilikuwa imepiga zaidi ya picha 250,000. Zote zimo kwenye hifadhi ya data za sayari ya NASA, yeyote anapakua. Kazi ipo kwenye kuchagua.

Wengi hukimbilia picha inayoonyesha vitu vidogo kabisa. Mimi nilianza na jua. Kila picha ina maelezo yake, na humo imeandikwa pembe ya jua juu ya ardhi ile. Jua likiwa utosini kasoko karibu inapotea, unabaki na mabaka ya kijivu tu. Likiwa limeinama karibu na upeo, ukuta wa ndani unaolielekea unang'aa, wa mkabala unabaki gizani, na umbo lote linajitokeza. Bahati nzuri ni kwamba huko kutoka macheo hadi macheo ni siku 176 za kwetu, na chombo kilikaa miaka minne, kwa hiyo sehemu nyingi zilipigwa jua likiwa mahali tofauti tofauti. Nilitupa picha zote za mchana kweupe bila huruma.

Kulthum iko kaskazini, na hilo nalo lilinisaidia. Njia ya MESSENGER ilikuwa ndefu kama yai: kaskazini kilishuka hadi kilomita 200 hivi, upande wa kusini kikapanda kupita kilomita 15,000. Lakini chombo kililazimika kuelekeza ngao yake kwenye jua muda wote, la sivyo kingeungua, na kamera ndiyo iliyogeuzwa peke yake. Ndiyo maana picha nyingi zimepigwa kwa ubavu. Hizo pia niliziweka kando.

Kusafisha nilitumia ISIS, programu ya bure ya idara ya jiolojia ya Marekani. Mimi niliitumia kwa amri za kuandika, na inapenda Linux. Amri ya mdis2isis inaifungua faili, spiceinit inaleta kumbukumbu za chombo kilikuwa wapi na kamera imeelekea wapi, mdiscal inaondoa kasoro za kamera, ukiwemo ule mchirizi unaotokea kwa sababu haikuwa na shata, kile kifuniko cha kuzuia mwanga. Mwisho ni cam2map, inayoilaza picha kwenye ramani. Hapo usikubali ramani ya kawaida ya mstatili: kwenye latitudo ya 50 hivi itaivuta kasoko mashariki na magharibi, ikupe kitu cha umbo la samaki. Chagua ramani ya othografia, inayochora ardhi kama inavyoonekana kutoka mbali sana, kitovu chake kiwe katikati ya kasoko, nayo itatoka duara.

Nilimpelekea mjomba, mpiga fidla wa zamani.

"Mbona mlima huu, mwanangu?"

"Shimo hilo, mjomba."

"Miye naona mlima."

Hakukosea kuona. Macho yetu yamezoea mwanga unaotoka juu, na kwenye picha ile ulikuwa unatoka chini. Nikaigeuza juu chini, nikamtumia tena.

"Ehee! Sasa limebonyea."

Tangu hapo kila picha naigeuza kwanza kabla ya kumwonyesha mtu.

Rangi ndiyo naifanya sasa. Kamera ya MESSENGER inayoona eneo pana ilikuwa na gurudumu la vichujio, kila kimoja kikipitisha mwanga wa urefu wake wa wimbi, na watu wengi huchukua vya nanomita 1000, 750 na 430 kuwa nyekundu, kijani na buluu. Vichujio havikupiga kwa pamoja. Kati ya kimoja na kingine chombo kilikuwa kimeshasogea, hivyo picha tatu lazima zipangwe juu ya moja hadi kingo za kasoko zikubaliane. Na hapa jua la mchana kweupe nililolitupa mwanzo ndilo linalotakiwa, kwa sababu vivuli vinaficha rangi ya mawe. Nimerudi kupakua zile zile nilizoziacha.