Reli ya Tanga kwa kipimo cha 1:87: mpango wa Mombo na reli ndogo ya mkonge

Modeli hii ya treni ndogo za mezani, ambayo kila kitu ndani yake ni sehemu moja ya 87 ya kitu halisi, inalenga reli ya Tanga kati ya 1956 na 1963. Mwaka wa kwanza umechaguliwa kwa sababu injini za mvuke za daraja (yaani aina) la 31 ziliundwa na Vulcan Foundry mwaka 1955 na 1956. Wa mwisho umechaguliwa kwa sababu mwaka 1963 ndipo kiungo cha Mnyusi hadi Ruvu kilipofunguliwa na kuiunganisha njia hii na Reli ya Kati. Kabla ya hapo iliungana na mtandao wa Kenya tu, kupitia Kahe na Voi. Kwa mtu anayepanga mwendo wa treni za modeli, hilo ni jambo la maana sana: mkonge unateremka Tanga bandarini, mabehewa matupu yanapanda kurudi, na hakuna mzigo wa Dar es Salaam wa kuingiza utata.

Kwa nini Mombo

Ujenzi ulianzia Tanga mwaka 1893. Reli ilifika Korogwe, kilomita ya 84, mwaka 1902. Mombo, kilomita ya 129, mwaka 1905. Buiko mwaka 1909. Na Moshi, kilomita ya 352, mwaka 1911. Kwa miaka minne Mombo ilikuwa mwisho wa reli, na hata baadaye ilibaki mahali pa kushukia kwa watu na mizigo ya Lushoto.

Faida nyingine ni mlima. Usambara inasimama upande wa kaskazini-mashariki wa reli kwa ghafla, bila vilima vya kutangulia. Mtazamaji akikaa upande wa kusini-magharibi, mlima unakuwa pazia la nyuma lenyewe, Tanga inakuwa mkono wake wa kulia na Moshi mkono wa kushoto. Mpangilio huu usigeuzwe. Ukiugeuza, mlima unaangukia mbele ya meza na kuziba njia zote.

Shamba la mkonge lililomo kwenye mpango halina jina. Limekusanywa kutokana na desturi za mashamba ya bonde lile, na limesogezwa karibu na kituo kuliko ilivyokuwa kawaida ili vyote viwili vienee kwenye meza moja.

Kipimo na upana wa reli

Reli ya Tanga ni ya mita moja. Mita moja ukiigawa kwa 87 unapata milimita 11.5, na reli ya modeli ya milimita 12 inapatikana dukani tayari, kutoka kwa watengenezaji Peco na Tillig. Tofauti ya nusu milimita haionekani kwa jicho. Njia nyingine ni kutumia reli ya milimita 9 kwa kipimo cha takriban 1:110. Inaokoa nafasi na vifaa vyake ni vya bei nafuu, lakini utalazimika kuunda watu, magari na nyumba zote mwenyewe, kwa kuwa kipimo hicho hakiuzwi. Kwa 1:87 vitu hivyo vimejaa.

Reli ndogo za mashamba ya mkonge zilikuwa za sentimita 60. Kwa 1:87 hiyo ni milimita 6.9, na mfumo wa treni ndogo za modeli uitwao Busch Feldbahn, wa milimita 6.5, unatosha. Injini zake zina sumaku chini, na katikati ya reli kuna ukanda wa chuma unaozivuta zikae chini, ndiyo maana injini ndogo vile hupanda bila kuteleza. Zinakwenda kwa volti 3. Kamwe zisiunganishwe na umeme wa volti 12 wa njia kubwa, hata kwa kujaribu, maana mota inaungua papo hapo. Kwa sababu hiyo njia hizi mbili hazikatizani popote kwenye mpango. Zinakutana kwenye bohari la kuhamishia mzigo, kila moja upande wake wa jukwaa.

Meza

Karatasi moja ya plaiwudi ya milimita 12, futi 8 kwa 4, inatoa vipande vinne vya milimita 1200 kwa 600. Vipande vitatu ni vya kituo na shamba. Cha nne ni cha sehemu iliyofichwa upande wa Tanga, yenye meza ya kusogea (ubao unaosukumwa kando ili kuleta njia nyingine mbele ya reli) inayobeba treni nne. Upande wa Moshi unatosha ubao mwembamba wa njia mbili, wenye urefu wa treni moja. Fremu ni ya mbao za inchi 2 kwa 1, zilizokauka vizuri.

Pwani, adui wa meza ni unyevu kuliko uzito. Plaiwudi isiyopakwa rangi hunyonya unyevu upande mmoja na kujikunja, na reli iliyo juu yake hupinda nayo. Kila kipande kipakwe vanishi pande zote mbili na kwenye kingo, kabla ya kazi nyingine yoyote. Kingo ndizo husahaulika, nazo ndizo hunywa maji zaidi. Mchwa nao wafikiriwe mapema: miguu ya meza isimame kwenye vikombe vya plastiki au chuma, na meza isiguse ukuta.

Urefu wa njia za kituo

Hesabu ianze na treni, kisha ndipo njia zichorwe. Injini na tenda yake, yaani behewa la mafuta na maji linaloifuata, tumeipa sentimita 22. Behewa la mzigo la ekseli nne ni sentimita 13. Matano ni 65. Behewa la gadi ni 10. Jumla ni 97, na ukiongeza nafasi za viungio na ya kusimama kwa usalama, njia ya kupishania inahitaji sentimita 110 zilizo wazi, kupimwa kutoka mahali behewa linapoacha kugusa la njia ya pili, wala si kutoka kwenye ulimi wa pointi (mahali treni inapobadilishiwa njia). Kosa la kupima kutoka kwenye ulimi hula sentimita 15 hadi 20 kila upande, na treni haitoshi tena.

Kituo kina njia kuu, njia ya kupishania, njia moja ya bohari la mkonge, na kipande kifupi cha tenki la maji. Pointi nne tu. Kila pointi inayoongezwa inapunguza shamba, na shamba ndilo linaloeleza kwa nini kuna reli hapa. Kona yoyote inayoonekana isipungue nusu kipenyo cha milimita 600, kwa sababu injini ya magurudumu manane ya kuvuta huning'inia nje ya reli kwenye kona kali na kugonga jukwaa. Kituo chote kiwe tambarare kabisa. Behewa lenye ekseli nzuri hutembea lenyewe kwenye mwinuko wa asilimia 1.

Mataruma ya chuma

Wajerumani walitandika mataruma (vipande vinavyolazwa chini ya reli) ya chuma, na hayo ndiyo sura ya reli hii. Reli za modeli zinazouzwa zina mataruma yenye alama za mbao. Dawa yake ni kusugua alama hizo kwa msasa namba 400, kuzungusha ncha kidogo kwa faili, kisha kupaka rangi ya kutu iliyokoza. Juu ya rangi hiyo pitisha brashi kavu yenye vumbi jekundu. Kazi hii ifanyike reli ikiwa bado mkononi, maana ikishagundishwa huwezi kufika kwenye ncha.

Kila kipande cha reli kina urefu wa milimita 914. Joto likipanda nyuzi 15, kipande hicho hurefuka kwa robo milimita hivi. Acha pengo la nusu milimita kwenye kila kiungo na usiunganishe viungo vyote kwa risasi. Reli iliyobanwa bila pengo asubuhi yenye ubaridi itainuka saa nane mchana.

Kwa kokoto, mchanga uliochujwa ndio bora: kokoto halisi za sentimita 3 hadi 6 kwa 1:87 ni punje za milimita 0.35 hadi 0.7. Tumia machujio mawili, moja la kuondoa kubwa na moja la kuondoa vumbi. Mchanga wa bahari una hatari mbili. Chumvi yake huvuta unyevu na kutia kutu, kwa hiyo uoshwe kwa maji yasiyo na chumvi mara kadhaa. Punje zake nyeusi nyingi zina chuma, na sumaku za mota huzinyonya hadi gia zikakwama. Kwa injini za Busch zenye sumaku tumboni, ni maangamizi. Tandaza mchanga kwenye karatasi na upitishe sumaku kali mpaka isitoke na kitu. Gundi ni ile nyeupe ya mbao, nusu kwa nusu na maji, na tone la sabuni ya vyombo ili isijikusanye juu ya punje.

Injini

Daraja la 31 zilikuwa 46, namba 3101 hadi 3146, zenye magurudumu mawili mbele, manane ya kuvuta na manne nyuma. Uzito wake kwa ekseli ulikuwa mdogo, kwa ajili ya njia zenye reli nyepesi. Michoro iliyo rahisi kupata ni ya Garratt (injini kubwa za mvuke zenye seti mbili za magurudumu ya kuvuta) za daraja la 59, na wengi huvutiwa nazo, lakini hizo zilikuwa za njia kuu ya Mombasa na Nairobi, zikiwa na uzito wa tani 21 kwa ekseli. Kuiweka moja Mombo ni kuharibu ukweli wa modeli yote.

Hakuna daraja la 31 la kununua likiwa tayari kwa milimita 12. Mpango ni kuchapisha bodi kwa printa ya 3D na kuiweka juu ya chasisi iliyopo. Magurudumu halisi ya kuvuta ni futi 4, yaani milimita 14 kwa 1:87. Chasisi za treni za modeli za kipimo kiitwacho TT, cha 1:120, hutembea kwenye reli ileile ya milimita 12: injini ya Kijerumani yenye magurudumu ya milimita 1600 inatoa milimita 13.3, inayokubalika, yenye 1400 inatoa 11.7, na injini inaonekana imechuchumaa. Pima gurudumu kabla ya kulipa.

Tenda isijazwe makaa. Injini hizi zilichoma mafuta mazito, kwa hiyo juu ya tenda kuna tangi lenye vifuniko. Rangi ni damu ya mzee, isiyong'aa sana. Bomba la moshi la aina ya Giesl, pana likitazamwa ubavuni na jembamba likitazamwa mbele, linaloonekana kwenye picha nyingi za miaka ya 1960 na 1970, linategemea mwaka na injini; kwa modeli ya 1956 weka la duara.

Bodi ya PLA, plastiki ya printa ya 3D, hulegea ikikaribia nyuzi 60. Isiachwe ndani ya gari juani wala dirishani. Mabehewa ya kuchapishwa nayo ni mepesi mno na huruka reli kwenye pointi: behewa la sentimita 13 lifikishwe gramu 100 kwa vipande vya risasi vilivyogundishwa chini ya sakafu, kamwe si chini ya paa.

Shamba la mkonge

Hapa ndipo kazi ilipo. Upandaji wa kawaida ni wa safu mbilimbili: mita 4 kati ya jozi, mita 1 ndani ya jozi, na sentimita 80 kati ya mche na mche. Kwa 1:87 hizo ni milimita 46, 11.5 na 9.2. Shamba la sentimita 60 kwa 25 linachukua jozi 10, yaani safu 20 za miche 27: miche 540. Kila mche ni nyota tatu za karatasi ya gramu 120 zenye ncha nane, ndogo juu ya kubwa, zikikunjwa kwenda juu kwa kubonyezwa na mpini wa brashi juu ya mpira laini. Kijani kiwe cha kijivujivu. Kijani cha nyasi kinaharibu kila kitu. Mkonge uliokomaa una urefu wa milimita 14 hadi 17, na majani ya chini yaliyokatwa yaache kisiki kinachoonekana. Milingoti ya maua, milimita 60 hivi, iwe michache, kwenye kona ya shamba kuukuu, kwa kuwa mche ukishatoa mlingoti umemaliza kazi.

Kwenye uwanja wa kuanikia, nyaya za shaba nyembamba zikae juu ya nguzo za milimita 14, na nyuzi za katani zenyewe, zilizochambuliwa na kukatwa fupi, zining'inizwe juu yake. Hakuna plastiki inayofanana nazo.

Mabati ya bohari yanatoka kwenye karatasi ya alumini ya jikoni. Iweke juu ya mpira na uviringishe juu yake nondo yenye nyuzi za skrubu za M5 (ya milimita 5). Nafasi kati ya nyuzi ni milimita 0.8, sawa na sentimita 7 za bati halisi. Mikunjo hutoka ikiwa imeinama kidogo kwa sababu nyuzi za skrubu zimepinda, basi kata bati ukifuata mikunjo, siyo ukingo wa karatasi. Bati moja la futi 8 ni milimita 28.

Mwendo

Jani la mkonge hutoa nyuzi kiasi cha asilimia 4 tu ya uzito wake. Robota moja ni kilo 250, kwa hiyo behewa la tani 30 hubeba marobota 120, na marobota hayo yametokana na tani 750 hivi za majani. Ndiyo maana korona, yaani mtambo wa kutoa nyuzi kwenye majani, ilikaa shambani na reli ndogo haikupumzika, ilhali njia kubwa ilihitaji behewa moja au mawili. Modeli ifuate uwiano huo: trolii za majani ziingie kwenye korona na kurudi tupu mfululizo, na kila baada ya safari 20 za reli ndogo, behewa moja lisogezwe bohari na kupakiwa. Marobota ya modeli ni vijiti vya mbao vya milimita 14 kwa 7 kwa 7, rangi ya maziwa, vyenye mikanda miwili ya penseli.

Treni ya mchanganyiko (abiria na mizigo) kutoka Tanga huleta behewa tupu na kuliacha. Ile inayoteremka kutoka Moshi hulichukua likiwa limejaa. Injini lazima ikae upande wa kulia wa bohari ili ivute behewa nje bila kuzungusha treni nzima, basi pointi ya bohari ielekee Tanga. Ikielekea Moshi, kila behewa la mkonge litahitaji injini kuzunguka kwenye njia ya kupishania, na siku ambayo njia hiyo imekaliwa na treni inayopanda, mkonge hautoki.