Chambo cha sukari: hakikisha mbu amekunywa
Chambo hiki ni maji ya sukari yenye sumu ya kuua mbu. Mbu dume na jike wote hunywa sukari; wajaribu wote, ila wahesabu kando. Wanyime sukari usiku kucha, wape maji tu. Chukua gramu 10 za sukari, gramu 1 ya asidi ya boriki (ndiyo sumu) na rangi ya chakula, jaza maji hadi mililita 100, kisha lowesha pamba. Kizimba cha ulinganisho kipewe mchanganyiko uleule bila sumu.

Rangi ndiyo roho ya jaribio! Mbu aliyekufa bila rangi tumboni huenda hakunywa: njaa imemuua, au ameigusa sumu tu. Baadhi ya sumu huwafukuza mbu kabla hawajaonja. Pamba isikauke. Hesabu vifo baada ya saa 24, halafu 48, maana boriki huua polepole. Vifo vya ulinganisho vikizidi 20%, rudia yote.