Jamestown mpaka Monticello: tulivyofuata bia, waini na saida ya wakoloni

Mimi na mdogo wangu tulitoka Maryland alfajiri, mwezi wa kumi, msimu wenyewe wa matofaa, tukashuka na gari mpaka Virginia, na lengo lilikuwa kuona wakoloni wa Kiingereza walikunywa nini na nani alikuwa anawatengenezea. Tukaanza Jamestown maana ndo waliposhukia mwaka 1607. Maji ya mto James pale yana chumvichumvi, wale wa mwanzo waliyanywa wakaugua sana, kwa hiyo bia kwao haikuwa starehe peke yake. Na waini waliitaka mno, mwaka 1619 baraza lao likapitisha sheria kabisa kwamba kila mwenye nyumba apande mizabibu 10 kila mwaka. Wakaleta mizabibu ya Ulaya, ikafa. Wakapanda tena, ikafa tena. Sababu ilikuja kujulikana karne ya 19, kumbe kuna kadudu kanaitwa filoksera kanashambulia mizizi, mizabibu ya asili ya Marekani inakahimili ila ya Ulaya hapana, ukiongeza na kuvu wanaoshamiri kwenye lile joto la Virginia basi huvuni kitu.

Williamsburg ni karibu tu na hapo. Mji umerudishwa kama ulivyokuwa enzi za ukoloni na mafundi wanatumia zana za zamani kwelikweli. Mimi niliganda kwa fundi mapipa. Anachonga ubao wa mwaloni mmoja mmoja, katikati mpana miishoni mwembamba, anazisimamisha mbao duara ndani ya pete, anawasha moto kwa ndani ili zilainike zikubali kupinda, halafu anazibana kwa pete nyingine. Hakuna msumari, hakuna gundi, ukitia bia mbao zinavimba zinajiziba zenyewe. Bila huyu fundi hakuna bia, hakuna saida (kile kileo cha juisi ya matofaa), na watu wanampita haraka kukimbilia baa!

Usiku nikamsomea mdogo wangu maelekezo ya bia nyepesi aliyoandika George Washington mwaka 1757, akiwa bado afisa wa jeshi la koloni. Chemsha pumba na hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) masaa matatu, chuja upate galoni 30, hizo ni kama lita 114, mimina molasi (ule uji mzito mweusi unaobaki kwenye kutengeneza sukari) galoni 3 ikiwa ya moto bado, subiri ifike uvuguvugu ndo utie chachu. Kukiwa na baridi ifunike blanketi. Masaa 24 inachachuka yenyewe, unaitia kwenye pipa, wiki ikitimia unaweka kwenye chupa. Kimea hakuna kabisa, molasi ndo inafanya kazi yote.

Kesho yake tukashika barabara ya 64 mpaka Charlottesville, tukapanda mlima kwenda Monticello, shamba na nyumba ya Thomas Jefferson aliyekuja kuwa rais wa tatu wa Marekani. Mkewe Martha alikuwa anasimamia upikaji wa bia hapo toka 1772. Mwaka 1773 akaja Mwitaliano, Philip Mazzei, akapanda mizabibu jirani na hapo, nayo haikufika popote. Kilichokubali ni matofaa. Jefferson alipenda aina ya Hewes, matunda madogo, machachu, huwezi kuyala hivihivi, ila juisi yake ni balaa. Yanasagwa, yanakamuliwa kwenye shinikizo, juisi inaingia pipani na kuchachuka yenyewe. Mdogo wangu alipoonja saida ya tofaa hilo kwa wakulima wa jirani akasema, "Dada, hii mbona kama mbege ya siku ya kwanza!" Sisi ni watu wa Moshi, nikamwelewa.

Sasa hapa ndo moyo wangu ulipo. Kazi ya kuweka hiyo saida kwenye chupa ilikuwa ya Ursula Granger, mtumwa, na Jefferson mwenyewe aliandika kwamba pale nyumbani hakuna mwingine mwenye uaminifu na ujuzi wa kuifanya. Baadaye, 1813, koloni imeshakuwa nchi huru lakini utumwa uko palepale, Peter Hemings akafundishwa kutengeneza bia na Mwingereza Joseph Miller, akaishika vizuri mpaka majirani wakawa wanaulizia inavyotengenezwa. Barua zikaenda kwa Jefferson, sifa zikaenda kwa Jefferson. Alipokufa watumwa wakapigwa mnada, na mwaka 1827 Peter akanunuliwa kwa dola 1 na mpwa wake aliyekuwa huru, akaishia kuwa fundi cherehani Charlottesville. Dola moja, mtu na ufundi wake wote!

Mnaokaa Maryland na DC nendeni, ni mwendo wa masaa mawili matatu hivi. Msiishie vyumba vya juu vyenye vitabu na saa, shukeni chini kwenye stoo za bia na waini, na ulizieni ile ziara ya kuongozwa ya maisha ya watumwa kwanza kabla ya ile ya nyumba, ukiwa unajua majina yao utaiona nyumba nzima tofauti.