Kupanda Pugu Kutafuta Njia ya Maji

Ukitoka Kariakoo kwa Barabara ya Nyerere, safari nzima ni tambarare: Tazara, Vingunguti, uwanja wa ndege, Banana, Ukonga, Gongo la Mboto. Ukishapita Pugu Kajiungeni ndipo gari linapoanza kuhema, mikorosho inaisogelea barabara na joto la mjini linapungua. Nilishukia huko mwishoni mwa Mei, masika yakiwa yanamalizika. Wakati huo niliuchagua makusudi, maana mteremko huonyesha tabia yake mvua ikiwa imetoka tu kupita.

Mteja wangu ana kiwanja kando ya kilima, nje ya mipaka ya msitu wa hifadhi. Anataka hoteli ndogo ya mapumziko kwa watu wa Dar wanaokimbia foleni mwisho wa wiki. Kwenye simu aliniambia kijiko, ile mashine ya kuchimbua udongo, kimeshapatikana, eneo lisawazishwe kwanza nipate kuchora kwa raha. Nikamsihi asikilete mpaka nikitembee kiwanja chote kwa miguu.

Tulimkuta jirani yake, mzee wa Kizaramo, akipalilia mihogo.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Ndiwe utakayejenga? Basi njoo nikuonyeshe maji yanapopita, maana hayapiti unapodhani.”

Akatupeleka hadi kwenye korongo lililofichwa na vichaka. Nikashuka ndani. Ukuta wake ulikuwa umekatika wima na kila tabaka linaonekana: juu kabisa mboji nyembamba yenye mizizi, chini yake mchanga mwekundu unaomomonyoka ukiugusa, na chini zaidi udongo mweupe, mzito, wa jamii ya kaolini inayoifanya Pugu ijulikane. Niliufinyanga kiganjani, ukateleza kama sabuni. Pale mchanga unapokutana na ule weupe, maji yalikuwa bado yanachuruzika, ingawa mvua ilikuwa imekatika tangu juzi yake.

Hapo ndipo palipo na jibu la suala la kijiko. Mvua inazama kwenye mchanga, inafika kwenye udongo usiopitisha maji, kisha inatembea ubavuni kwenda chini. Ukichonga kilima ili upate uwanja wa kujengea, umeikata njia hiyo katikati. Maji yatatokea nyuma ya ukuta wako na kuusukuma kila masika. Na mchanga utakaobomoka haubaki Pugu. Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima hivi, unashuka Vingunguti, Kigogo na Jangwani hadi baharini. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu mjini, na wakazi wengi wa bondeni wakahamishiwa Mabwepande. Sikubali mchoro wangu uongeze hata toroli moja la tope huko.

Mchana kutwa tulikuwa na fundi tukipima usawa kwa mpira mwembamba uliojazwa maji, tukipigilia vigingi kufuata mkunjo wa ardhi. Vigingi vilipokamilika, hoteli ilijichora yenyewe: vyumba kwenye mstari uliopinda, juu ya nguzo, kila jengo upana wa chumba kimoja ili upepo wa kusi na wa kaskazi upite kati. Magari yaishie juu, barabarani. Matangi ya mvua yakae huko juu pia, maji yateremke bila pampu. Mti mkubwa wa mkongo uliopo katikati haukatwi. Veranda ndiyo itakayouzunguka. Na kwenye kijito kilicho chini, sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 ziachwe, nami nimeziheshimu kwa mashimo ya majitaka kabla ya kitu kingine chochote.

Mteja alihofia nguzo zitaonekana za kimaskini. Nikamwonyesha picha za hoteli ya Kandalama, karibu na Dambulla nchini Sri Lanka, aliyoibuni msanifu majengo Geoffrey Bawa na kufunguliwa mwaka 1994: imefuata mwamba, imeinuliwa juu ya nguzo ili maji ya mlimani yapite chini yake, na mimea imeifunika. Alizitazama muda mrefu. Kisha akauliza swali zuri kuliko yote ya siku ile: mama yake, mwenye magoti mabovu, atafikaje chumbani? Vyumba viwili vimehamishiwa juu, usawa mmoja na maegesho, bila ngazi hata moja.

Tumekubaliana fundi aanze na mitaro na kupanda vetiva, nyasi za kushika udongo, kabla ya vuli; nguzo zifuate mwakani masika yakiisha. Kijiko hakiji. Bwawa la kuogelea ndilo bado hatujaafikiana: mteja analitaka ukingoni litazame jiji, mimi nalitaka juu penye tambarare, kwa sababu kila mita moja ya ujazo ya maji ni tani nzima, na nimeugusa udongo ule kwa mkono wangu.