Gari ya umeme ya bei nafuu: kabla hujauliza bei, jiulize itakuwa inalala wapi

Wadau habari za siku nyingi. Nilipotea kidogo kwa sababu gari yangu ya petroli ilikufa, taimingi belti ilikatika nikiwa natoka zamu ya usiku, valvu zikapinda, fundi akanipigia hesabu ya kutengeneza injini ikawa karibu sawa na thamani ya gari nzima. Sasa kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani kwao, natoka nyumba hii naingia ile, kwa siku kama kilomita 60 hivi, yaani bila gari sina kazi, na bila kazi kuna watu nyumbani wataniuliza mwisho wa mwezi nitawajibu nini. Kwa hiyo hii miezi miwili sijawaza kitu kingine zaidi ya gari, na kila mtu ninayeongea naye huku ughaibuni ananiambia nunua ya umeme, za mtumba zimeshuka bei sana siku hizi. Ni kweli zimeshuka, lakini nimejifunza mambo ambayo natamani mtu angeniambia mapema, ndiyo maana naandika.

Bahati nzuri mwenzangu kazini alikuwa anasafiri akaniachia Nissan Leaf yake siku tisa, ile yenye betri ya kilowati-saa 40. (Kilowati-saa moja ni ile ile yuniti moja tunayoijua kwenye mita ya nyumbani, kwa hiyo kuanzia hapa nitasema yuniti tu, tusichanganyane.) Siku ya kwanza jamani niliipenda. Unawasha husikii kitu, unakanyaga inaondoka hapo hapo bila kusubiri, ukiachia pedali inajivuta yenyewe kwa sababu mota inageuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Kwenye foleni ya asubuhi ni raha tupu, na mgongo wangu baada ya kuinua wagonjwa usiku kucha uliona tofauti.

Nikampigia kaka yangu kwa video, yeye ni fundi wa magari miaka mingi, nikamfungulia boneti.

"Mdogo wangu, mbona sioni belti?"

"Haina kaka."

"Plagi? Silensa? Oili ya injini?"

"Hakuna. Ina gia moja tu, na breki na shokapu kama gari nyingine."

Akanyamaza, nikamwona anasogeza simu karibu na macho. Halafu akauliza swali ambalo ndilo la msingi kuliko yote, "Na hiyo betri ikichoka, nani anaifungua?" Sikuwa na jibu siku ile. Nikaanza kulitafuta.

Sasa baridi. Siku ya tatu ilikuwa nyuzi 6 chini ya sifuri. Nimeingia asubuhi dashibodi inasema imebaki kilomita 186, nikawasha hita, namba ikashuka hapo hapo ikasoma 151. Sijatoka hata kwenye maegesho! Nilishtuka nikadhani nimeharibu gari ya watu. Kumbe ndivyo zilivyo. Injini ya petroli sehemu kubwa ya mafuta inayochoma inapotea kama joto, kwa hiyo lile joto tunalojipulizia miguuni ni la bure, ni takataka ya injini. Mota ya umeme inapoteza kidogo sana, karibu umeme wote unaenda kwenye magurudumu, kwa hiyo ukitaka joto lazima ulichote kwenye betri ile ile inayokupeleka kazini. Na kwa kazi kama yangu ndiyo mbaya zaidi, maana naendesha dakika kumi, naegesha dakika arobaini, gari inapoa kabisa, nikirudi naipasha upya, hivyo hivyo mara saba kwa siku. Mtu anayeenda safari moja ndefu anapasha mara moja tu. Hili sikulisoma popote, nililiona kwa macho yangu kwenye ile namba.

Nilichojifunza ni kuzima hita na kutumia joto la kiti na la usukani, hayo yanakula umeme kidogo mno ukilinganisha na hita, na mikono ikiwa na joto mwili wote unavumilia. Pia ukiwa umechomeka waya unaweza kuipasha kabla hujaondoka, umeme unatoka ukutani badala ya kwenye betri. Na zipo zenye pampu ya joto, inafanya kazi kama friji iliyogeuzwa, inavuta joto la nje hata kama kuna baridi na kuliingiza ndani, inakula kidogo kuliko hita ya kawaida. Kama unaishi kwenye baridi na unatafuta gari, hicho ni kitu cha kuuliza kabla ya rangi na redio. Magari mawili ya mwaka mmoja na jina moja, moja linaweza kuwa nayo na lingine lisiwe nayo.

Haya, tuje kwenye kuchaji, na hapa ndipo pana kila kitu. Mimi nakaa ghorofa ya tatu, gari naegesha barabarani, sina soketi. Kwa hiyo siku ya nne usiku baada ya zamu nikaenda kwenye mashine ya kuchaji haraka. Zipo tatu, moja imezimwa, moja ina waya wa aina nyingine, iliyobaki kuna mtu. Nikasubiri. Zamu yangu ikafika, mashine imeandikwa kilowati 50 (yaani yuniti 50 kwa saa), nimechomeka kioo kinaonyesha 21 tu. Nikadhani imeharibika, lakini ni betri yenyewe, ikiwa imepoa sana haikubali kupokea umeme kwa kasi, inajilinda isiharibike. Kutoka asilimia 18 mpaka 80 nilikaa zaidi ya saa moja, saa tano na nusu usiku, hita nimezima ili chaji iende yote kwenye betri, nimejifunika koti la kazi, mtoto yuko kwa jirani ananisubiri. Na yuniti moja pale bei yake ilizidi mara mbili ya yuniti ninayolipa nyumbani. Nilipofika nikakaa kitandani nikapiga hesabu, nikaona kwa bei ile ya mashine za njiani sijaokoa karibu chochote kuliko petroli, ila nimepoteza usingizi.

Siku mbili baadaye nikaenda kwa rafiki yangu anayekaa nyumba ya chini, nikachomeka kwenye soketi ya kawaida ya ukutani. Inatoa kama kilowati 2.3, ni taratibu sana, lakini gari inalala usiku mzima na wewe umelala. Kilomita zangu 60 kwenye baridi zinakula kama yuniti 13, kwa hiyo masaa sita saba imerudi. Hapo ndipo nilielewa kwa nini wanaosifia magari haya na wanaoyalaani wote wanasema ukweli. Mmoja anachaji kwake, mwingine anachaji njiani, gari ni ile ile.

Ila naomba sana, msipitishe ekstensheni dirishani. Kwa rafiki yangu waya haukufika tukaunganisha ekstensheni ya kawaida, baada ya masaa mawili nikagusa plagi ikaniunguza kidole, plastiki imeanza kulainika. Soketi hizo hazikutengenezwa kubeba mzigo mkubwa masaa saba mfululizo, na ekstensheni ya bei rahisi ndiyo kabisa. Nilichomoa palepale. Tuna watoto wamelala ndani ya nyumba hizi.

Kila mtu apige hesabu yake hivi. Gari yangu ya zamani ilikula lita 7 kwa kilomita 100. Hii Leaf hali ya hewa ikiwa nzuri ilikula yuniti 16 kwa kilomita 100, kwenye baridi 22, na ongeza kidogo kwa sababu wakati wa kuchaji kuna umeme unapotea njiani. Chukua bei ya lita unapoishi zidisha kwa 7, chukua bei ya yuniti nyumbani kwako zidisha kwa 20, halafu chukua bei ya yuniti ya mashine za njiani zidisha kwa 20 pia. Namba tatu hizo ndizo zitakuambia, tena zitakuambia vizuri kuliko muuzaji yeyote.

Na wauzaji, dah. Nilikwenda kuona Leaf ya zamani yenye betri ya yuniti 24, tangazo linasema betri iko safi kabisa, mileji ndogo, bei tamu. Pembeni ya kipimo cha chaji kwenye hizo gari kuna vistari vidogo 12 vinavyoonyesha uzima wa betri, siyo chaji, ni uzima, wengi wanavichanganya. Nikahesabu vikawa 10. Ukipoteza kistari cha kwanza betri imeshapungua kama asilimia 15, cha pili kama asilimia 6 zaidi. Maana yake ile betri ya 24 imebaki kama 19, na kwenye baridi nikigawanya kwa 22 halafu nikizidisha kwa 100 napata kilomita 86 hivi kama sijaacha akiba yoyote, mimi natembea 60. Miaka miwili mbele ingeniacha njiani. Nilimwonyesha, akasema huo ni uzee wa kawaida. Sawa ni wa kawaida, lakini siyo "safi kabisa" kama ulivyoandika, na kama nisingehesabu ningesaini siku ile ile.

Kwa hiyo mileji siyo kitu cha kwanza kwenye gari ya umeme, cha kwanza ni betri. Leaf hizi za mtumba betri yake haipozwi kwa maji kama magari mengine mengi ya umeme, kwa hiyo iliyokaa kwenye joto kali au iliyochajiwa haraka haraka kila siku inachoka mapema. Kuna kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani kinaongea na programu kwenye simu kinakupa asilimia ya uzima, muuzaji akikukataza kukichomeka, ondoka zako. Na ukiona Renault Zoe ya zamani ya bei ya chini sana uliza betri ni ya nani, maana nyingine ziliuzwa betri ikiwa ya kukodi, unanunua gari halafu unaanza kulipia betri kila mwezi. Soma mkataba wote.

Mpya za bei nafuu nazo niliziangalia. Dacia Spring ilinivutia kwa bei, lakini mwaka 2021 Euro NCAP, wale wa Ulaya wanaopima usalama wa magari, waliipima kwa ajali wakaipa nyota moja kati ya tano. Mtoto wangu anakaa kiti cha nyuma. Nikafunga ukurasa, sikutaka hata kujadili. Za BYD, kampuni ya China, zinatumia betri za LFP (aina ya lithiamu yenye chuma na fosfeti) ambazo kwa upande wa uhai ni nzuri, zinavumilia kujazwa mpaka 100 mara kwa mara, wakati hizi nyingine inashauriwa usiku uishie 80, ila kwa mfuko wangu mpya bado.

Vitu vidogo dada zangu na kaka zangu: bado kuna ile betri ndogo ya volti 12, ikifa gari haiamki hata kama kubwa imejaa. Tairi zinaisha haraka kwa sababu gari ni nzito na inaondoka kwa nguvu. Breki kinyume chake, hazitumiki sana mpaka diski zinashika kutu, zikanyage vizuri mara moja moja. Bima uliza kabla hujalipa, kwangu ilipanda. Na wale tunaonunua tukiwa na wazo la kuja kuisafirisha nyumbani, kumbukeni swali la kaka yangu.

Jibu lake nimelipata sasa. Nimeona Leaf ya 2019, betri ya 40, kipimo kimesoma uzima asilimia 89, ina pampu ya joto, na imebaki kwenye waranti ya betri ya miaka 8 au kilomita 160,000. Ikichoka mapema, waliotengeneza wanawajibika, ikichoka baadaye nitakuwa nimeshaitumia. Kwenye baridi itanipa kama 160, natembea 60, nalala kwa amani.

Lakini sijalipa. Nilikwenda kwanza kwa mwenye nyumba, nikamwomba sehemu moja ya maegesho ya uani yenye ukuta karibu, nikamwambia nitalipia fundi umeme mwenye leseni aweke laini yake peke yake na mita ndogo, kila yuniti nitamlipa. Alikataa mara ya kwanza. Nikarudi na karatasi nimeandika matumizi ya mwezi, na gharama yote ni juu yangu, na nikihama soketi nitamwachia yeye. Akasoma, akaniuliza hii itakula umeme kuliko mashine ya kufulia? Nikamwonyesha hesabu. Juzi amesaini.

Fundi umeme anakuja Alhamisi. Nimeshamwambia mwenye gari aniwekee mpaka Ijumaa, nikiona mita inazunguka ndiyo nitampigia.