Nilivyofanikiwa kuotesha Funaria kwenye sahani ya bati

Nimefundisha baiolojia miaka sita huku Lushoto na kila mwaka nikifika kwenye mosi (moss), ile mimea midogo ya kijani isiyo na maua, nachora aina moja iitwayo Funaria ubaoni, majani, kikonyo, kapsuli yaani kifuko cha spora (chembe za uzazi), wanafunzi wanakopi tunasonga mbele, na mimi mwenyewe sijawahi kuishika hata siku moja. Ilikuwa inaniuma. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tano akaniuliza, "Mwalimu, hii inapatikana nchi gani?" nikamjibu ipo karibu dunia nzima, nikarudi nyumbani nawaza, sasa kama ipo dunia nzima mbona mimi sijaiona.

Kumbe nilikuwa naitafuta pasipo pake. Nilizunguka kwenye vijito, kwenye mawe ya kivulini, chini ya miti mikubwa, nikaokota mosi za kila aina, ule ukijani ambao watu wanaukanyaga tu wanaita ukoga, hakuna hata moja iliyofanana na picha. Mpaka siku moja mwezi wa nne, masika imekolea, nikakatiza shambani kwa mzee jirani yetu, pale alipochomea mkaa mwaka uliopita. Lile duara la tanuri lote limevaa zulia la kijani mbichi, na juu yake vikonyo vyembamba kama uzi, vyekundu vyekundu, kila kimoja kimeinamisha kichwa. Nikachuchumaa hapohapo kwenye tope.

"Shikamoo mzee. Hivi ni vitu gani?"

"Marahaba mwalimu. Hivyo vinaota palipoungua tu. Ngoja majani yaingie, huvioni tena."

Aisee mzee alimaliza somo zima. Funaria hygrometrica ni mmea wa palipoungua na ardhi iliyobaki tupu, moto ukipita unaondoa washindani na jivu linaacha madini na kupunguza asidi ya udongo, sasa kammea kenyewe ukiacha kikonyo hata sentimita mbili mara nyingi hakafiki, hakana mizizi ya kweli ni raizoidi tu, yaani vinyuzi vya kujishikiza, jani ukitoa mshipa wa kati lina unene wa seli moja, kweli katabishana na nyasi? Kanawahi, kanazaa, kanarusha spora, nyasi zikija kenyewe kameshahama na upepo.

Nikabeba bonge dogo nikaliweka kwenye kopo la plastiki nikafunga kifuniko lisikauke. Hilo ndilo lililoniponza, siku ya tano limejaa kuvu nyeupe, lote limeoza. Nikarudi kwa mzee kuomba tena, safari hii nikachukua na udongo wa tanuri wenyewe na jivu lake, nikaukaanga kwanza kuua kuvu, nikautandaza kwenye sahani ya bati niliyoitoboa chini, nikaikalisha kwenye beseni lenye maji ya mvua kidogo ili unyevu upande wenyewe toka chini. Halafu nikakung'uta kapsuli zilizokomaa juu yake, spora zinatoka kama vumbi, nikaweka dirishani penye mwanga lakini jua halipigi.

Wiki ya pili udongo ukapata rangi ya kijani. Ukiangalia kwa lenzi ni nyuzinyuzi tupu, ungeapa ni mwani wa kwenye ndoo ya maji, ndiyo protonema hiyo, na kwenye nyuzi hizo ndiko vichipukizi vya majani vinapoanzia. Nilikuwa naamka usiku kuangalia, kweli kabisa.

Baridi ya mwezi wa sita na wa saba ikapita, nikaanza kuwanyunyizia maji mengi asubuhi, maana mbegu ya kiume ya mosi ina mikia miwili na lazima iogelee kulifuata yai, hakuna maji hakuna mtoto. Funaria ina bahati, mmea mmoja una tawi la kiume na tawi la kike kwa hiyo safari ni fupi. Mwezi wa kumi vikonyo vikachomoza, kila kimoja na kofia yake yenye mdomo mrefu, halafu kapsuli ikavimba ikawa na umbo la peasi, haya mapeasi yetu ya Lushoto, ila dogo kuliko punje ya mchele.

Zilipokomaa nikabeba sahani mpaka darasani. Nikawaambia mmoja apulizie pumzi ya mdomo taratibu kwenye kikonyo kikavu, wengine waangalie. Kikaanza kujizungusha. Kile kikonyo kinajisokota kikikauka na kujisokotoa kikipata unyevu, ndiyo sababu ya hilo jina hygrometrica, yaani kipima unyevu. Kwenye mdomo wa kapsuli tukaona kwa lenzi meno ya nje, wakayahesabu wenyewe mpaka 16, yamejisokota na ncha zimekutana katikati, hewa ikikauka nafasi zinafunguka spora zinatoka kidogokidogo, hewa ikiwa mbichi zinajifunga.

Yule aliyeniuliza iko nchi gani hakutaka kuachia lenzi mpaka kengele ikalia, akaniomba spora kidogo akajaribu kwao Mlalo, kuna mahali baba yake amechoma visiki. Nimempa kapsuli nne kwenye karatasi.