Panda wa Guangzhou na faru wa Mkomazi

Wenzangu wengi hapa Tanga hushikilia kwamba mahali pa mnyama ni porini, na kwamba bustani ya wanyama ni gereza lenye kiingilio. Siwaafiki moja kwa moja. Katika bustani ya Chimelong, mjini Guangzhou, China, panda aitwaye Juxiao alijifungua watoto watatu tarehe 29 Julai 2014, nao wote wakakua, jambo la nadra mno, kwa kuwa panda akizaa pacha porini kwa kawaida humlea mmoja tu. Mtoto wa panda huzaliwa na uzito wa takriban gramu 100, macho yamefumba na ngozi ya waridi karibu haina manyoya; ndiyo maana watunzaji waliwaweka kwanza katika mashine za joto, kisha wakawarudisha kwa mama yao.

Wala tusitazame mbali. Mwaka 2009 faru weusi watatu waliletwa kwa ndege kutoka bustani ya Dvůr Králové, Jamhuri ya Czech, hadi Mkomazi, hifadhi iliyo katika mikoa ya Tanga na Kilimanjaro, ili waongeze kizazi. Ninaowalaumu ni wanaozalisha wanyama ili watazamwe tu, bila nia ya kumrudisha porini hata mmoja.